Shajara ya mradi: mwongozo wa Armagnac kwa wahudumu wa hoteli za pwani

Septemba: mipaka ya kazi

Mradi huu unakusudia kuandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu Armagnac, brandi ya zabibu inayotoka Gascogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa ajili ya wahudumu wa hoteli na migahawa ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Mimi naishi Toulouse, si mbali na mashamba yenyewe, na mwenzangu anafundisha wahudumu huko Unguja. Tumegawana kazi kwa namna rahisi: mimi nitaandika, naye atazijaribu sura darasani na kunirudishia maoni.

Sharti la kwanza limetoka kwake. "Kaka," ameniandikia, "wengi wa vijana wangu ni Waislamu, hawanywi na hawatakunywa. Usiwaandikie kitabu cha kuonja." Sharti hili limeupa mradi umbo lake. Vitabu vingi vya vinywaji humtaka msomaji ashike glasi kwanza, kisha vinampa orodha ya ladha za kutafuta ulimini. Sisi tutafuata njia nyingine: tutaeleza jinsi kinywaji kinavyotengenezwa, hatua kwa hatua na sababu kwa sababu, ili mhudumu aweze kumwambia mgeni mambo ya kweli kuhusu chupa iliyo mbele yake bila kuwa na haja ya kuionja. Naamini Armagnac inaifaa njia hii kuliko vinywaji vingi vya aina yake, kwa kuwa karibu kila sifa yake inaweza kufuatiliwa hadi kwenye jambo moja, yaani namna inavyokenekwa (divai huchemshwa, na mvuke wake wenye kileo hupozwa uwe kinywaji).

Tumekubaliana pia kwamba mwongozo hautashindanisha Armagnac na Cognac, brandi nyingine ya zabibu ya Ufaransa, ili kutafuta mshindi. Wageni huuliza swali hilo kila siku, na jibu litakuwamo, lakini litakuwa jibu la ufundi.

Oktoba: zabibu na divai isiyopendeza

Mavuno yamekwisha na sura ya kwanza imeandikwa. Eneo la Armagnac limo hasa katika wilaya kuu ya Gers, pamoja na sehemu za Landes na Lot-et-Garonne, na limegawanywa katika kanda tatu tangu amri ya serikali ya 1909. Bas-Armagnac iko magharibi, kwenye mchanga wa rangi ya hudhurungi iliyotokana na chuma. Inasifiwa kwa brandi laini yenye harufu ya matunda, na ndiyo yenye mashamba mengi zaidi. Ténarèze iko katikati, kwenye udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, na brandi yake huwa na nguvu ya ukaidi inayodai miaka mingi ndani ya pipa. Haut-Armagnac, mashariki na kusini, imebaki na mizabibu michache mno, kwa hiyo nimeipa aya moja tu.

Aina kumi za zabibu zinaruhusiwa, lakini mhudumu anahitaji kuzijua nne. Ugni Blanc imeshika zaidi ya nusu ya mashamba. Ina uchachu mwingi na sukari kidogo. Folle Blanche ndiyo iliyotawala zamani, ina harufu ya maua, lakini huoza kwa urahisi. Colombard huongeza harufu kidogo ya viungo. Ya nne, Baco 22A, ina hadithi yake. Baada ya kidudu cha filoksera kuiangamiza mizabibu ya Ufaransa katika karne ya 19, mwalimu wa shule wa huko Landes aliyeitwa François Baco alipandanisha Folle Blanche na mzabibu wa Kimarekani uitwao Noah, mwaka 1898, akapata chotara iliyostahimili mchanga na unyevunyevu wa Bas-Armagnac. Kwa muda mrefu ilikuwa chotara pekee iliyokubaliwa katika kinywaji cha Ufaransa chenye jina la asili linalolindwa. Maafisa wengine waliidharau. Wakulima wa mchanga ule hawakuiacha, na ukinusa brandi yake iliyokaa miaka ishirini pipani utaelewa kwa nini.

Jambo ambalo wanafunzi wa Unguja wameliuliza zaidi ni hili: kwa nini divai inayotumika ni mbaya? Swali ni zuri. Divai ya kukenekwa huwa na kileo cha asilimia 8 hadi 10 tu, ni chachu, ni nyembamba, na hakuna anayeiweka mezani kwa furaha. Lakini kila upungufu una kazi yake. Kileo kikiwa kidogo, lita nyingi zaidi za divai zinahitajika ili kupata lita moja ya brandi, na harufu za lita zote hizo hukusanyika mahali pamoja. Uchachu nao huilinda divai isiharibike, na ulinzi huo ni wa lazima kwa sababu ni marufuku kuongeza salfa, dawa ambayo watengenezaji wa divai ya kawaida huitegemea. Mtambo wa kukeneka huzidisha kila kilichomo ndani ya divai, na salfa ikiwamo nayo huzidishwa. Basi divai hukaa bila dawa pamoja na masimbi ya chachu yake, ikisubiri moto wakati wa baridi, na haiwezi kusubiri sana.

Zao la Gascogne huvunwa mara moja kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma, anayevuna mara mbili, angeshangaa kuona jinsi kazi yote ya hapa inavyobanwa ndani ya majuma machache.

Novemba: mtambo

Hii ndiyo sura niliyoipa kurasa nyingi kuliko zote, na sitaipunguza hata mwenzangu akinisihi.

Mtu yeyote aliyeona gongo au chang'aa ikipikwa anaijua kanuni: kilichochachuka huchemshwa, mvuke wenye kileo hupanda, hupitishwa kwenye bomba lililopozwa kwa maji, na hudondoka ukiwa kinywaji kikali. Cognac hufuata kanuni hiyo kwa chungu kikubwa cha shaba kinachojazwa, kuchemshwa na kumwagwa, kisha kazi hiyo hurudiwa mara ya pili, na kinachopatikana hukaribia asilimia 70 ya kileo. Armagnac, kwa sehemu kubwa, hukenekwa mara moja tu katika mtambo usiosimama, ambao asili yake ni hataza ya mwaka 1818. Kukeneka mara mbili kumeruhusiwa tangu 1972, na baadhi ya nyumba huchanganya mazao ya njia zote mbili, lakini mtambo wa kale ndio unaokipa kinywaji hiki tabia yake.

Nimeuchora mtambo huo kama ifuatavyo. Upande mmoja kuna tangi refu la shaba ambalo ndani yake mna mrija uliojisokota. Divai baridi huingia kwa chini, ikauzunguka mrija na kuupoza, na kwa kufanya hivyo yenyewe hupata joto kadiri inavyopanda. Ikifika juu huvuka kwenda kwenye mnara wa upande wa pili, uliosimama juu ya chungu chenye moto, na humo hushuka ngazi kwa ngazi juu ya sinia za shaba. Mvuke kutoka chunguni hupanda ukikutana na divai inayoshuka; hulazimika kupita ndani yake ukitokota, na kila unapopita hubeba kileo pamoja na harufu. Mwishowe huingia kwenye ule mrija uliojisokota, ukapozwa na divai mpya, ukatoka kwa chini ukiwa kimiminika angavu kama maji. Divai iliyokwisha kunyang'anywa kileo hutolewa chini ya chungu. Hakuna joto linalopotea bure, na hilo ndilo linalonivutia zaidi katika chombo hiki: kinachopoza na kinachopashwa moto ni kitu kimoja.

Sheria inaruhusu brandi hiyo changa itoke ikiwa na kileo cha kati ya asilimia 52 na 72.4, lakini wazalishaji wengi wa kimila hubaki kati ya 52 na 60. Namba hizi ndizo moyo wa mwongozo. Kadiri kileo kinavyokuwa juu wakati wa kukeneka, ndivyo kinywaji kinavyokuwa safi na chepesi. Kadiri kinavyokuwa chini, ndivyo mafuta na harufu nzito za divai zinavyobaki. Armagnac hutoka mtamboni ikiwa imebeba mzigo mkubwa. Ikiwa changa huwa na fujo, hukwaruza koo na haieleweki; mzigo ule ule ukipewa muda ndani ya pipa hugeuka kuwa wingi wa harufu unaotafutwa na wateja. Kwa hiyo mgeni akiuliza tofauti yake na Cognac, mhudumu anaweza kujibu kwa sentensi mbili: moja imekenekwa mara mbili hadi ikawa nyepesi na laini mapema, nyingine imekenekwa mara moja, ikabaki na mengi ya zabibu na udongo wake, na huhitaji subira zaidi.

Nimeweka pia hesabu ndogo ambayo wanafunzi wameipenda. Pipa la lita 400 lenye brandi ya asilimia 54 lina lita 216 za kileo halisi. Kama divai ilikuwa na asilimia 9, basi lita 2,400 za divai zimeingia ndani ya pipa hilo moja, bila kuhesabu kinachopotea njiani.

Mashamba mengi madogo hayana mtambo. Kuna mafundi wanaosafiri na mtambo uliofungwa juu ya magurudumu, kutoka shamba hadi shamba, na unapowashwa hauzimwi usiku wala mchana hadi divai ya shamba hilo iishe. Fundi hulala kando yake. Niliutembelea mmoja karibu na Eauze: moto wa kuni, watu wamevaa makoti mazito, nyama ya bata ikichomwa kwenye makaa ya mtambo wenyewe, na fundi akisimulia huku jicho lake likiwa kwenye mkondo unaotoka. Majirani huja kula na kunusa, na vijiji kadhaa hufungua milango kwa wageni katika majira haya ya kuwasha moto. Mwenzangu ameomba picha, nami nimempelekea.

Desemba: historia, kwa kifupi

Mwongozo utataja kwamba mwaka 1310 Vital du Four, mtawa wa Kifransisko ambaye baadaye alikuja kuwa kadinali, aliandika sifa arobaini za maji makali, miongoni mwao kuponya maradhi na kuchangamsha akili, na kwamba kutokana na maandishi hayo Armagnac hutajwa kuwa brandi ya kale kuliko zote nchini Ufaransa. Utataja pia jina la asili lililolindwa rasmi mwaka 1936. Zaidi ya hapo sitaki kwenda, kwa sababu lebo na vipeperushi vimejaa makadinali na wapiganaji wa upanga kiasi kwamba mgeni huondoka akijua enzi zote isipokuwa kilichomo kwenye glasi yake.

Januari: pipa

Brandi changa inaingia kwenye pipa la mwaloni, kwa kawaida lenye ujazo wa lita 400 hadi 420, ambalo mbao zake mara nyingi zimetoka katika misitu ya Gascogne au Limousin, zikakaushwa nje kwa miaka kadhaa katika mvua na jua, kisha zikachomwa kidogo kwa ndani wakati wa kuundwa. Mwanzo hutumika pipa jipya, kwa miezi kadhaa hadi takriban miaka miwili. Katika muda huo mbao hutoa rangi, tanini na harufu ya vanila. Ikizidi hapo brandi huwa chungu, ikanuka ubao, kwa hiyo mtunza ghala huihamishia kwenye pipa kuukuu lililokwisha kutoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Kuanzia hapo kazi ya pipa inakuwa nyingine: ni kuruhusu hewa ipite polepole kwenye vinyweleo vya ubao.

Sehemu ya kinywaji huyeyuka hewani kila mwaka, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na Wafaransa huiita fungu la malaika. Kwa kiwango cha chini cha asilimia 2, pipa la lita 400 hubaki na lita 267 hivi baada ya miaka 20. Takriban theluthi moja imekwenda. Ghala likiwa na unyevu, kileo ndicho hutoroka zaidi na kinywaji hulainika. Likiwa kavu, maji ndiyo hutoroka na ukali hubaki. Ndiyo maana maghala mengi ya kale yana sakafu ya udongo, na ndiyo maana mtunza ghala anaweza kulihamisha pipa kutoka pembe moja hadi nyingine kwa sababu ambazo mgeni hawezi kuziona. Kuta na vigae vya maghala hayo huwa vyeusi kwa kuvu inayoishi kwa mvuke wa kileo. Nimeiweka picha yake katika mwongozo, maana wahudumu waliiuliza: si uchafu wala moshi.

Miaka inapopita, harufu husogea. Kwanza huwa plamu mbichi, maua na ubao mpya. Kisha plamu kavu, maganda ya chungwa, asali, mdalasini. Na baada ya miaka mingi huja kile kinachoitwa rancio, harufu nzito inayokumbusha jozi, uyoga na nta ya samani za kale. Orodha hii nimeiacha fupi kwa makusudi. Mhudumu asiyeonja anaweza kuisema kwa uaminifu kama maelezo ya hatua za umri, bila kujifanya ameihisi mwenyewe.

Nguvu hushushwa kwa njia mbili. Wengine huongeza, kidogo kidogo kwa miezi au miaka, mchanganyiko wa maji yaliyokenekwa na Armagnac wenye kileo kidogo, hadi kufikia kiwango kinachotakiwa, ambacho hakiruhusiwi kushuka chini ya asilimia 40. Wengine hawaongezi kitu, huuacha muda ushushe wenyewe, na chupa hutoka ikiwa na asilimia 44, 46 au 48. Mimi napendelea hizi za pili, na nimeliandika hilo waziwazi kama maoni yangu.

Brandi inapofikia kilele ambacho mtunza ghala hataki kivukwe, hutolewa pipani na kuwekwa kwenye chupa kubwa za kioo zenye tumbo pana. Humo haibadiliki tena. Mashamba ya familia huzipanga chupa hizo katika chumba chenye kufuli, na miaka iliyoandikwa kwenye vibandiko vyake hufika mbali.

Machi: tarehe 31

Kukeneka lazima kuwe kumekwisha ifikapo tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata mavuno, na umri rasmi wa brandi huanza kuhesabiwa tarehe 1 Aprili. Sheria hii kavu imenisaidia kupanga sura ya umri. Alama za umri kwenye lebo ni hizi: VS, yaani nyota tatu, imekaa pipani angalau mwaka 1. VSOP angalau miaka 4. Napoléon angalau 6. XO na Hors d'âge angalau 10. Chupa ikiwa mchanganyiko, umri unaotajwa ni wa brandi iliyo changa kuliko zote ndani yake. Wanafunzi wameshayakariri, na majaribio ya Unguja yameenda vizuri.

Aprili: kusoma lebo

Armagnac inasifika kwa kuuzwa ikiwa ya mwaka mmoja tu wa mavuno, na hapo ndipo wageni wengi hukosea, na wahudumu huwafuata. Mwaka mkubwa ulio kwenye lebo ni wa mavuno ya zabibu. Hautaji umri. Chupa mbili za mwaka 1985, moja iliyotolewa pipani mwaka 2000 na nyingine mwaka 2020, ni vinywaji viwili tofauti kabisa: ya kwanza ina miaka kama 15 ya ubao, ya pili kama 35. Kioo hakizeeshi. Chupa ya kwanza inaweza kukaa rafuni nusu karne nzima na bado itakuwa brandi ya miaka 15. Kwa sababu hiyo zoezi kuu la mwongozo ni kutafuta tarehe ya kutiwa chupani, ambayo wazalishaji makini huiandika kwenye lebo ya nyuma au kwa mkono, kisha kutoa mwaka wa mavuno. Brandi ya mwaka mmoja wa mavuno haiuzwi kabla ya kutimiza miaka 10.

Mwenzangu ameripoti kwamba zoezi hili ndilo lililowapa vijana kujiamini. Kijana asiyewahi kugusa pombe alimweleza mgeni, kwa adabu, kwamba chupa aliyotaka kulipia zaidi kwa sababu ya mwaka wake ilikuwa imekaa pipani muda mfupi kuliko ile ya bei nafuu iliyosimama jirani yake. Mgeni alichukua ile ya bei nafuu, na akaagiza tena.

Mambo mengine ya kusoma: jina la kanda, ambalo likikosekana na kubaki neno Armagnac peke yake maana yake mara nyingi ni mchanganyiko wa kanda, aina ya zabibu, kama imetajwa, na asilimia ya kileo, ambayo ikiwa namba isiyo ya mviringo, kwa mfano 46.3, huashiria kwamba pengine maji hayakuongezwa.

Juni: mezani

Sura ya mwisho inahusu huduma. Chupa husimamishwa, hailazwi kama divai, kwa sababu kileo kikali hula kizibo. Glasi inayofaa ni ndogo, yenye tumbo na mdomo ulioingia ndani kidogo. Zile glasi kubwa zinazopendwa kwenye filamu hutawanya harufu na kuacha ukali wa kileo upande puani. Kipimo cha sentilita 3 au 4 kinatosha. Joto la kawaida la chumba chenye kiyoyozi ni zuri. Kwenye baraza la Unguja saa nane mchana si zuri, na tumependekeza glasi ipoe ndani kabla ya kumiminwa. Barafu isiwekwe ndani ya brandi yenye umri, na glasi isipashwe kwa moto wa mshumaa, mchezo ambao huchoma harufu zote zilizochukua miaka kukusanyika. Mgeni aachwe na muda: dakika kumi baada ya kumimina, kinywaji huwa kimefunguka. Wenyeji wa Gascogne hudondosha matone viganjani, huyasugua na kunusa, na hurudi kuinusa glasi tupu asubuhi, kwa kuwa kilichobaki ndani yake husema mengi kuhusu ubao na umri.

Kwa chakula, tumeandika vile ambavyo Wagascogne wenyewe hula: plamu kavu za Agen zilizolowekwa kwenye Armagnac, mkate mwembamba wa tabaka wenye tufaha, chokoleti nyeusi. Wapishi wa hoteli watumie plamu hizo kwa hadhari, na menyu iandike waziwazi kwamba zina pombe, kwani mgeni asiyekunywa anaweza kuziagiza bila kujua.

Blanche d'Armagnac, ambayo haigusi ubao na imekuwa na jina lake linalolindwa tangu 2005, itaelezwa katika kiambatisho. Hiyo hunywewa baridi sana au katika vinywaji vya kuchanganya, na kwa hali ya hewa ya pwani nadhani itauzika kuliko XO. Humo pia itaingia Floc de Gascogne, mchanganyiko wa maji ya zabibu yasiyochachuka na Armagnac changa, unaonywewa baridi kabla ya mlo. Rasimu ya kiambatisho iko kwa mwenzangu. Akiirudisha, mwongozo unakwenda kwa mpangaji wa kurasa.